Nyanya Ndani ya Mitungi: Njia ya Kuokoa Grinihausi Iliyoshikwa na Mnyauko



Vikundi vingi vinapotutembelea vinakuja na swali moja: "Grinihausi yetu ilizaa vizuri sana msimu wa kwanza. Msimu wa pili miche kadhaa ikakauka. Sasa ni msimu wa tatu na karibu yote inalala chini ikiwa bado kijani. Tufanye nini?"

Swali hili tunalijua vizuri kwa sababu sisi wenyewe tulilijibu vibaya. Kikundi kimoja cha akina mama wa huku kwetu kilichukua mkopo, kikanunua grinihausi ya mita 8 kwa 15, yenye nafasi ya miche kama 500. Miche ilipoanza kunyauka, sisi wa ofisi ya maendeleo tuliwaambia waongeze maji. Haikusaidia. Tukawaambia wanunue dawa ya ukungu. Haikusaidia pia. Tukawaambia wang'oe yote na kupanda upya. Wakapanda upya, katika udongo ule ule, na miche mipya ikafa kabla ya kutoa maua. Mkopo ulikuwa bado unadaiwa, na wanachama walianza kulaumiana. Wengine walisema ati kuna mtu ana mkono mbaya.

Hakukuwa na mtu mwenye mkono mbaya. Ubaya ulikuwa ndani ya udongo. Leo grinihausi hiyo inazaa tena, lakini hakuna mche hata mmoja uliopandwa ardhini. Kila mche unaishi ndani ya mtungi wake. Katika makala haya tunaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, pamoja na makosa tuliyoyafanya njiani, ili ninyi msiyarudie.

UGONJWA GANI HUU?

Unaitwa mnyauko wa bakteria. Bakteria ni viumbe wadogo sana wasioonekana kwa macho. Hawa hukaa kwenye udongo, huingia kwa mizizi na kuziba mishipa inayopandisha maji. Ndiyo maana mche hunyauka mchana kama ulionyimwa maji ilhali udongo umelowa. Siku chache baadaye umekufa, na majani bado ni kijani.

Mnaweza kuupima bila kwenda kwa mtaalamu. Kateni shina la mche ulionyauka, karibu na ardhi. Chukueni gilasi ya maji safi, shikeni kipande hicho ncha yake iguse maji, kisha mtulie bila kukitikisa. Mkiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina baada ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria. Kama hakuna uzi, huenda ni ukungu au minyoo ya mizizi. Hapo mwiteni afisa wa kilimo aangalie.

Hakuna dawa ya kupuliza inayoponya mnyauko huu. Atakayewauzia dawa hiyo anawaibia. Bakteria hawa wanaweza kukaa ardhini miaka mingi. Wanashambulia pia viazi, pilipili hoho, biringanya na hata managu. Shambani mtu anaweza kuhamisha nyanya na kupanda mahindi pale kwa misimu kadhaa. Lakini grinihausi haihamishwi. Mtu aliyenunua nyumba ya nailoni kwa mkopo hawezi kupanda mahindi ndani yake na bado alipe deni.

Basi kama nyumba haiwezi kuhama, udongo ndio uhame.

MTUNGI UNABADILISHA NINI?

Mche ulio shambani ukikosa maji hapa, mizizi yake huenda kutafuta pale. Ukikosa chakula juu, hutafuta chini. Mche ulio ndani ya mtungi hauna pa kwenda. Ni kama ng'ombe aliyefungiwa zizini: hawezi kujitafutia majani, anangoja mkono wa mwenyewe. Mkimsahau siku moja, maziwa yanapungua.

Kwa hiyo faida na shida za mtungi zinakuja pamoja. Faida ni kwamba mnachagua udongo safi, na mche mmoja ukiugua unatolewa na mtungi wake bila kugusa mwingine. Shida ni kwamba chakula na maji vyote vinatoka kwenu, kidogo kidogo, kila siku. Kikundi kisichoweza kupanga zamu ya kila siku kisianze kazi hii.

VYOMBO

Si lazima mnunue vyombo vya dukani. Tumeona vikundi vikitumia mitungi ya mafuta ya kupikia ya lita 20 iliyokatwa juu, ndoo kuukuu za rangi, na magunia ya nailoni yaliyokunjwa mdomo. Gunia ni rahisi lakini halidumu, mara nyingi huchanika baada ya msimu mmoja au miwili. Jambo la muhimu ni ukubwa. Nyanya ndefu ya grinihausi inahitaji lita 15 hadi 20 za udongo. Katika mkebe mdogo mche utakua, hata utatoa maua, lakini utashindwa kubeba matunda.

Msitumie kabisa mtungi uliokuwa na dawa ya kuua wadudu au kemikali yoyote, hata ukioshwa mara kumi.

Toboeni matundu manane au kumi chini ya kila chombo, yenye upana wa kidole kidogo. Maji yasipopata pa kutoka, mizizi inaoza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea mara ya pili. Tulipanga mitungi moja kwa moja juu ya ile ardhi yenye ugonjwa. Baada ya wiki sita mizizi ilipita kwenye matundu ikaingia ardhini, na mnyauko ukapanda nayo. Kazi yote ikawa bure. Kwa hiyo tandazeni karatasi nzito ya nailoni sakafuni, kisha mpange mitungi juu ya matofali, mawe au mbao, ili kuwe na nafasi ya kupitisha mkono chini yake. Sakafu iteremke kidogo upande mmoja ili maji yanayovuja yatoke nje, yasituame.

UDONGO

Msichote udongo ndani ya grinihausi wala katika shamba lililowahi kupandwa nyanya, viazi, hoho au biringanya. Chukueni mahali ambapo hapajalimwa, au palipokaa nyasi kwa miaka mingi, tena pawe juu ya mashamba ya viazi. Msichukue chini yake, kwa sababu maji ya mvua yanateremka na ugonjwa.

Mchanganyo tunaoutumia ni huu:
- debe 3 za udongo mzuri wa juu,
- debe 2 za samadi iliyooza kabisa, au mboji,
- debe 1 ya mchanga wa mto, uliooshwa kwa maji safi.

Vikichanganywa hivyo vinajaza mitungi mitano hivi ya lita 20. Kama udongo wenu ni mfinyanzi mzito, ongezeni mchanga. Samadi iwe imekaa angalau miezi mitatu, iwe nyeusi, isiwe na harufu kali wala joto. Samadi mbichi inachoma mizizi.

Kama mna wasiwasi na udongo, upikeni. Wekeni maji kidogo chini ya nusu pipa, wekeni wavu au vijiti juu ya maji, mwageni udongo wenye unyevu, funikeni na gunia lililolowa, kisha washeni moto. Fukizeni kiazi, yaani waru, katikati ya udongo. Kiazi kikiiva, udongo pia umeiva. Uacheni upoe siku mbili au tatu kabla ya kupanda. Kuni ni ghali na hatusemi mpike udongo wa mitungi yote, lakini udongo wa kitalu ni mdogo na unastahili moto huo. Udongo mwingi unaweza kutibiwa na jua: loweni, utandazeni kwa unene usiozidi shubiri moja, ufunikeni na nailoni angavu iliyobanwa kingo zote, na muuache kwa wiki sita za jua kali. Huko kwenye baridi na mawingu njia hii haifai.

KITALU NA KUHAMISHA MICHE

Chagueni mbegu ya nyanya ndefu, ile inayopanda kamba na kuzaa kwa miezi mingi. Anna F1 ni moja inayojulikana sana katika grinihausi za Kenya. Aina kama Cal J na Rio Grande ni fupi, ni za shambani, zinazaa mara moja na kwisha. Kuziweka ndani ya grinihausi ni kupoteza nafasi. Kisha msikusanye mbegu kutoka kwa tunda la F1 mkidhani mtapata nyanya zile zile. Watoto hawatafanana na mama.

Pandeni mbegu moja moja katika vikombe vidogo vya magazeti au vya magome ya mgomba. Hivi mizizi haikatiki wakati wa kuhamisha, na jeraha la mzizi ndilo mlango wa ugonjwa. Baada ya wiki nne au tano mche una majani manne au matano ya kweli na urefu kama wa kalamu. Hapo uko tayari.

Siku moja kabla, mwagilieni mitungi mpaka maji yatoke chini. Katika shimo la kila mche wekeni kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya DAP, kiwe sawasawa na ukingo, yaani karibu gramu 5. Changanyeni vizuri na udongo ili mizizi isiiguse mbolea yenyewe. Pandeni jioni, mche mmoja kila mtungi. Mnaweza kuuzamisha kidogo zaidi ya ulivyokuwa kitaluni, kwa sababu shina la nyanya likifunikwa linatoa mizizi mipya. Kutoka mtungi hadi mtungi acheni nusu mita, na kati ya mistari miwili miwili acheni njia ya mtu kupita na ndoo.

MAJI: HAPA NDIPO VIKUNDI HUSHINDWA

Mche mdogo unatosheka na nusu lita kwa siku. Ukishabeba matunda na jua likiwa kali, unaweza kunywa lita moja na nusu hadi mbili. Tupige hesabu pamoja. Kikundi kikiwa na mitungi 200, na kila mche unywe lita moja na nusu, hizo ni lita 300. Ni mitungi 15 ya kuchota, kila siku iliyoumbwa. Kama mto uko mbali na hakuna tangi, semeni ukweli tangu mwanzo na muanze na mitungi 40. Ni heri mitungi 40 iliyoshiba kuliko 200 yenye njaa.

Gaweni maji mara mbili, asubuhi na alasiri, wala msimwage yote kwa mkupuo. Mwagilieni udongo, si majani. Majani yaliyolowa ndani ya nyumba iliyofungwa yanaita ukungu. Ingizeni kidole hadi kiungo cha pili: kama ni kikavu, ongezeni maji. Kama kunateleza matope, pumzikeni. Matandazo ya nyasi kavu juu ya mtungi yanapunguza kukauka.

Maji yenyewe yawe safi. Maji ya bwawa au mfereji unaopita kwenye mashamba ya viazi yanaweza kubeba mnyauko. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati, au ya kisima kirefu, ni bora.

Hapa tuwaambie kisa cha kile kikundi chetu. Baada ya kurekebisha mitungi, miche ilisimama vizuri na matunda yakaja. Kisha matunda yakaanza kuoza chini, upande wa kitako, doa jeusi kavu kama ngozi. Akina mama walivunjika moyo. Walisema ugonjwa umerudi, na mmoja alikuwa tayari ameenda kuulizia dawa. Tulipokaa chini na kuangalia daftari la zamu, tuliona siku mbili katika kila wiki hazikuwa na jina la mtu. Ni Jumapili na siku ya soko. Siku hizo mitungi ilikauka kabisa, kesho yake ikafurika.

Doa hilo halitokani na wadudu wala bakteria. Tunda limekosa kalsiamu, ile madini inayojenga ganda na mifupa. Mara nyingi kalsiamu imo kwenye udongo, lakini inapanda na maji tu. Maji yakikatika, tunda halipati. Kikundi kiliandika majina kwenye siku hizo mbili, na matunda yaliyofuata yakawa mazima. Dawa ilikuwa kalamu na daftari.

CHAKULA

Mvua ya shambani huosha mbolea taratibu. Katika mtungi, kila mnapomwagilia na maji yakatoka chini, chakula kidogo kinatoka nayo. Kwa hiyo mbolea ya kupanda haitoshi mpaka mwisho. Lisheni kidogo, mara nyingi.

Wiki mbili za kwanza: Maji tu. DAP iliyo kwenye shimo inatosha.

Wiki ya tatu mpaka maua ya kwanza: Mpeni kila mche lita moja ya chai ya samadi mara moja kwa wiki. Chai hiyo inatengenezwa hivi: tieni debe moja ya samadi iliyooza ndani ya gunia, fungeni mdomo, lining'inizeni ndani ya pipa la lita 200 lililojaa maji. Funikeni, mtikise gunia kila baada ya siku mbili au tatu. Baada ya wiki mbili ongezeni maji mpaka rangi iwe kama chai isiyokolea. Msimwagie majani wala matunda, na oshani mikono kwa sabuni.

Palipo na alizeti mwitu, ule mmea wa maua ya njano unaoota kwenye ua na kando ya barabara, tumieni majani yake mabichi badala ya samadi au pamoja nayo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa KARI (leo KALRO), KEFRI na ICRAF walifanya kazi huko Maseno, magharibi mwa Kenya, wakaonyesha kwamba majani hayo yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi. Watu walikuwa wakiukata kama kichaka tu.

Kuanzia matunda ya kwanza yakiwa kama punje ya mahindi: Sasa mche unabeba mimba na kukua kwa wakati mmoja. Lisheni mara mbili kwa wiki.
- Siku ya kwanza, tuseme Jumatatu: vifuniko 8 vya soda vya CAN katika mtungi wa lita 20 za maji. Kila mche lita moja.
- Siku ya pili, tuseme Alhamisi: vifuniko 8 vya NPK 17:17:17 katika lita 20. Hii haiyeyuki haraka, iloweni tangu jana yake na mkoroge. Kila mche lita moja. Kama duka la pembejeo lina mbolea ya kuyeyusha yenye potasiamu nyingi, na mfuko wenu unaruhusu, tumieni hiyo siku ya Alhamisi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Potasiamu ndiyo inayojaza tunda na kulipa rangi na utamu.

Lita hiyo moja ni sehemu ya maji ya siku hiyo, si nyongeza.

Mambo manne ya kukumbuka:

1. Msichanganye CAN na NPK au DAP katika mtungi mmoja wa maji. Kalsiamu na fosforasi zinashikana na kuganda chini, na mche haupati hata moja.

2. Msimwage mbolea kwenye udongo mkavu. Tangulizeni maji kidogo, la sivyo mizizi itaungua.

3. Jivu la kuni ni zuri, lina potasiamu na chokaa, lakini kiganja kimoja kwa mtungi kwa mwezi kinatosha. Msilitie siku moja na CAN au samadi, kwa sababu naitrojeni itaruka hewani na pesa zenu nazo.

4. Mkiona unga mweupe juu ya udongo au ukingoni mwa mtungi, hiyo ni chumvi ya mbolea. Mwageni maji matupu mengi mpaka yatoke chini kwa wingi, kisha mpumzike kulisha wiki moja. Hata kama hamjauona, fanyeni hivyo mara moja kwa mwezi.

MCHE UNASEMA NINI?

Mwenye zamu asiwe wa kumwaga maji tu na kuondoka. Aangalie.

Majani ya chini yakigeuka njano yote na mche kudumaa, una njaa ya naitrojeni. Lakini kwanza chunguzeni kama udongo haujalowa kupita kiasi, kwa kuwa mizizi iliyozama hutoa dalili hiyo hiyo.

Kingo za majani makuukuu zikiwa kahawia kama zilizoungua, potasiamu imepungua.

Majani makuukuu yakiwa njano katikati ya mishipa na mishipa ikabaki kijani, inakosekana magnesiamu. Ulizeni chumvi ya Epsom kwenye duka la pembejeo.

Mche ukiwa mnene, kijani kibichi kilichokolea, majani yamejikunja na maua ni machache, umeshiba naitrojeni kupita kiasi. Punguzeni CAN. Wengi wanaupenda mche huo kwa macho, lakini sokoni hakuna anayenunua majani.

HEWA, KAMBA NA USAFI

Grinihausi ikipata joto la zaidi ya digrii 32 hivi, maua yanaanguka bila kushika tunda. Fungueni pande zote asubuhi na mapema, lakini wavu wa wadudu ubaki umefungwa. Ndani hakuna upepo wa kutikisa maua, kwa hiyo kati ya saa nne na saa sita mchana mtu apite akigonga kamba polepole kwa fimbo. Chavua itaanguka na tunda litashika.

Acheni shina moja tu. Vunjeni machipukizi ya kwapani kwa vidole yakiwa bado madogo, msitumie kisu kinachohama kutoka mche hadi mche. Anayevuta sigara au kunusa tumbaku anawe kwa sabuni kabla ya kuingia, kwa sababu tumbaku inaweza kubeba ugonjwa wa virusi vya nyanya.

Mlangoni wekeni beseni la maji yenye Jik ya kukanyaga, yabadilishwe kila siku. Jembe na panga la shambani visiingie ndani. Wageni ni baraka, lakini viatu vyao vimetoka kwenye mashamba yao.

Mche mmoja ukinyauka, msingojee kesho. Toeni mtungi mzima, chomeni mche, mwageni udongo mbali na mto na mashamba, osheni mtungi kwa Jik na muukaushe juani.

Tusiwadanganye: mtungi haukingi kila kitu. Nondo wa Tuta absoluta, aliyeingia Kenya mwaka 2014, anaruka na hajali udongo. Yeye anazuiwa kwa wavu mzima, mlango wa mara mbili, mitego, na kuchuma mapema majani yenye vidonda na kuyaunguza.

MAVUNO NA BAADA YAKE

Tunda la kwanza linaiva miezi miwili na nusu hadi mitatu baada ya kuhamisha miche, kisha mnachuma kila wiki kwa miezi kadhaa. Andikeni kilo na pesa siku ile ile, mbele ya watu wote. Vikundi vingi vimeuawa na daftari bovu kuliko bakteria.

Msimu ukiisha, msirudishie nyanya udongo ule ule. Umwageni kwenye sukuma wiki, maharagwe au mahindi, ambako bado utafanya kazi nzuri, na mjaze mitungi udongo mpya. Ndiyo, ni kazi kubwa ya wilibaro. Lakini kazi hiyo ndiyo bei ya kubaki na grinihausi.

Kile kikundi chetu hakikurudi kwenye miche 500. Kilianza na mitungi 40, kikaongeza hadi 120, na kikakoma hapo kwa sababu tangi lao haliwezi zaidi. Deni walilipa kwa kuchelewa, lakini walilipa. Yule mama aliyekuwa ameshtakiwa kuwa na mkono mbaya ndiye anayeweka daftari la zamu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, tumewahi kufanya kipimo cha gilasi ya maji? Nani atakileta mkutano ujao?

2. Ni wapi karibu nasi tunaweza kupata udongo ambao haujawahi kupandwa viazi wala nyanya?

3. Tuna maji ya mitungi mingapi kwa siku wakati wa kiangazi? Kwa hiyo tunaweza kulisha miche mingapi bila kudanganyana?

4. Nani ana zamu Jumapili? Nani siku ya soko? Nani siku ya mazishi?

5. Jambo likiharibika, tunatafuta chanzo kwanza au tunatafuta mtu wa kulaumu?

Mkishajadiliana, anzeni na mitungi michache. Tutafurahi kusikia mlivyofanya, hasa pale mlipokosea. Makosa yetu yamewasaidia wengine, na yenu pia yatasaidia.